Anakaribia Wapi, Mwalimu?

Suruali yangu ya kazi imechanika leo darasani, na shule mimi nilimaliza zamani. Ni msumari wa dawati. Nitaufikia.

Chanzo ni karatasi aliyoitoa kijana wangu wa Gredi ya 8 jana usiku, imekunjwa mara nane kama hirizi. Saa nne usiku. Wewe unayesomesha huna haja ya kuelezwa, habari za shule zote hutoka saa nne. Manila, saa nne. Gundi, saa nne. "Baba, kesho mzazi anatakiwa," saa nne na robo, mwenye kuitamka keshajifunika blanketi hadi kichwani.

Nikaisoma kwa tochi ya simu. Hisabati, AE2. Sayansi, AE1. Kiswahili, ME2, na huyu mtoto hata akiweweseka huweweseka kwa Kiswahili.

Sisi wa 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu hapa Kenya, ripoti ilikuwa hukumu: wa 37 kati ya 41. Ukishajua hivyo unajua la kufanya, unapitia jikoni kwa mama kwanza. KCPE yangu, mtihani wa darasa la nane, nilipata 341 kati ya 700, na mjomba akichangamka harusini mpaka leo huitangaza. Namba ni namba. Lakini AE2 nitaikasirikia vipi? Inasikika kama aina ya betri.

Asubuhi nikavaa kiheshima, nikaenda. Mlinzi akanipa kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi mfupi, ukiandika sharti upige magoti. Ndani, mambo ni yale yale tangu Januari 2023 watoto wa kwanza wa mtaala mpya walipoambiwa wameingia sekondari ya chini kisha wakaachwa kwenye ua wa shule ya msingi. Lijana lenye sauti ya besi linapanga foleni ya choo nyuma ya katoto ka PP1, chekechea. Maabara ni kabati moja lenye kufuli, na mwenye ufunguo alihamishwa. Serikali hutenga shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa ngazi hii, na mwalimu mkuu kila nikimwona husema hazijafika. Haya.

Mwalimu wa darasa ni binti wa rika la mpwa wangu, yuko kwa mkataba. Alisomea Kemia, anafundisha Hisabati, Kilimo, na Sanaa na Michezo, ndiyo maana alikuwa na chaki mkononi na filimbi shingoni.

"Karibu mzazi, keti."

Nikaketi. Dawati lilikuwa la Gredi ya 2. Magoti yakanipanda hadi masikioni, na mtu akishakuwa katika hali hiyo heshima yake anaishikilia kwa sauti tu.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti nzito, "nimeitikia wito."

"Asante mzazi. Kijana wetu anakaribia."

"Anakaribia wapi, Mwalimu?"

"Matarajio."

"Yaani hajafika."

"Hatusemi hajafika, mzazi. Tunasema anakaribia. Ndiyo hiyo AE. ME ndiye aliyefikia."

"Na muhula wa kwanza alikuwa wapi?"

Akafungua daftari. "Alikuwa anakaribia."

"Mwaka jana, Gredi ya 7?"

Akapekua. "Anakaribia."

"Basi Mwalimu, huyo hakaribii. Huyo ameegesha."

Akaangalia chini, mdomo umembana. Nikaona nimepata nafasi. "Na hayo matarajio ni ya nani? Maana kama ni yangu, niliyashusha tangu akiwa Gredi ya 4. Huenda ameyapita na hatujui."

"Ni ya mtaala, mzazi."

"Niambie kwa mia. Mimi nawe tu."

Akatazama mlango kama anayeuza magendo. "AE2 ni kati ya 21 na 30."

"Yeye je?"

Akachukua penseli, akaandika pembeni ya daftari: 26. Akanigeuzia nione, kisha akaifuta kwa kidole mpaka karatasi ikaota manyoya.

Ishirini na sita. Enzi zetu ishirini na sita ilikuwa na jina lake, na lilikuwa la mti: mkwaju.

Hapo utani ukaniisha. Mwalimu akanikumbusha, kwa upole wa muuguzi, kwamba mwakani ni KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini. Mtihani wenyewe unabeba asilimia 60. Asilimia 20 zinatokana na ule wa Gredi ya 6, KPSEA, ambao sisi nyumbani tuliuchukulia kama chanjo, mradi mtoto awe amefika. Na 20 zilizobaki ni hizi tathmini za Gredi ya 7 na ya 8.

"Hizi hizi?"

"Hizi hizi, mzazi."

Yaani muda wote nilipokuwa nikidhani bado wanafanya mazoezi, mechi ilikuwa inaendelea! Halafu achague mkondo katika mitatu na shule 12 za sekondari ya juu. Shule 12! Mimi mke nilimchagua mmoja na bado naulizwa nilitumia vigezo gani. Nikamuuliza, kwa nini hakuna aliyetuambia?

"Tuliwaandikia barua, mzazi. Tena mbili."

Barua! Mlimpa nani? Mlimpa huyo huyo! Mkobani mwake barua hupumzika chini kabisa, pamoja na ndizi ya muhula uliopita.

Nikainuka kwa hasira, na hasira na dawati la Gredi ya 2 havipatani. Krrrr. Kutoka mfukoni hadi nyuma ya goti. Dirishani watoto wa Gredi ya 2 waliokuwa wakisubiri dawati lao wakapiga makofi.

"Pole mzazi," akasema Mwalimu, na sasa alikuwa anacheka waziwazi, akiziba mdomo kwa filimbi.

Nikatoka kinyumenyume, nikiwaaga watu wasionijua, mpaka langoni. Mlinzi akataka nisaini muda wa kuondoka. Kwa ule uzi. Sikusaini.

Fundi cherehani kasema kitambaa kimeliwa, atatia kiraka cha rangi inayofanana ila si ile. Kwa hiyo jioni hii nimevaa suruali ya harusi yangu, isiyofunga kifungo, na tangu saa moja nimeketi hapa sijathubutu kuinuka. Mama watoto amepita mara mbili bila neno, anasubiri niombe maji.

Kijana amenichungulia mlangoni sasa hivi. Amekohoa. Mkono mmoja kauficha mgongoni, na saa ya ukutani inasema saa nne kasoro dakika tano.