Formalini na pua ya panya: hatari iko kwenye makali

Mjadala wa formalini, yaani gesi ya formaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji, ukizuka, iwe ya mochwari au ya dawa za kunyoosha nywele, pande ni mbili. Wapo wanaosema mvuke wake hauna kiwango salama. Wapo wanaosema kuna kiwango ambacho chini yake pua hujimudu, na hawa huitwa mawakala wa viwanda. Shaka hiyo ina chanzo, kwani utafiti wanaouegemea ulifanywa na taasisi ya North Carolina, Marekani, iliyogharimiwa na kampuni za kemikali. Ila hoja yao inahukumiwa kabla ya kusomwa.

Panya walivutishwa formaldehaidi saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, miezi 24, takriban 240 kila kundi. Kwenye sehemu 2 kwa milioni za hewa, hakuna aliyeota saratani ya pua. Kwenye 5.6, wawili. Kwenye 14.3, 103. Mvuke umeongezeka mara mbili na nusu, saratani mara hamsini! Kama hatari ingepanda sambamba na mvuke, tungehesabu watano au sita.

Jibu liko kwenye utando wa pua. Formaldehaidi huyeyuka upesi katika ute, kwa hiyo nyingi huishia puani, hasa kwa panya, asiyepumulia mdomo. Ikiwa kidogo, vimeng'enya huivunja. Mwili wenyewe huitengeneza kila siku. Ikizidi, vinyweleo vya utando husimama, seli hufa, na zilizosalia hugawanyika mbiombio kuziba pengo. Seli inayogawanyika kwa pupa haina muda wa kurekebisha DNA iliyonaswa na protini, na kosa hurithiwa. Utando laini hugeuka tabaka la seli bapa, na saratani huota humo.

Panya wadogo wa jamii nyingine, waliovuta 14.3 ile ile, walipata saratani wawili tu. Hawana kinga ya ajabu. Wakiwashwa hupunguza kupumua karibu nusu, na dozi inayofika puani hulingana na ya wale wakubwa wa 5.6.

Upande wa pili una hoja. DNA iliyonaswa imepimwa puani mwa panya hata kwenye 0.3, binadamu hupumulia mdomo pia, na tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka formaldehaidi kundi la 1, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Nakubali kwamba kiwango kisichokuza uvimbe si kibali cha kuivuta.

Lakini wanaodhani hoja ya makali, yaani ukali wa mvuke kwa wakati mmoja, inalegeza ulinzi wamekosea, maana inaukaza. Watafiti wa Uholanzi waliwavutisha panya sehemu 2 kwa milioni kwa saa 8 mfululizo kila siku, na wengine sehemu 4 kwa vipindi vya nusu saa vyenye mapumziko ya nusu saa, ndani ya saa 8 hizo hizo. Jumla ya mvuke ni ile ile. Baada ya wiki 13, waliodhurika pua ni wale wa sehemu 4 tu.

Sasa tazama mochwari. Wastani wa siku waweza kuonekana mzuri, kumbe dumu lilifunguliwa mara tatu, formalini ya asilimia 37 ikamiminwa kwenye maji sehemu tisa, beseni likaachwa wazi, na pua ilishazoea harufu. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Inatakiwa yenye kichujio cha mvuke, na feni ya kuvuta hewa nje iwe pale pale pa kumiminia. Sheria ya Marekani ina kikomo cha 0.75 kwa saa 8 na kingine cha 2 kwa dakika 15. Hicho cha dakika 15 ndicho cha kupimia dumu linapofunguliwa.