Likizo ya Juni, kidumu cha maji na kadi ya umeme

Shule zikifungwa mwezi wa sita, simu yangu hujaa ushauri. Watu wananitumia, kwa nia njema kabisa, orodha za michezo ya "majira ya joto" kwa watoto wenye usonji (autism): bwawa la plastiki la kujaza upepo, trampolini ya bustanini, hema la ndani lenye taa za rangi, blanketi zito la kutuliza mwili. Nazisoma asubuhi nikiwa nimevaa sweta. Likizo yetu ya Juni inaangukia kipupwe, na hapa Tabata tuna vyumba viwili na sebule, ua tunachangia na wapangaji wengine wanne. Trampolini nitaiweka wapi, juu ya simtanki?

Mwanangu mwenye usonji ana miaka 9. Anasema maneno machache, anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani. Kinachomtesa likizo ni kwamba siku imepoteza kichwa na miguu. Shuleni kulikuwa na kengele, uji saa nne, gari la kurudi nyumbani. Mara sare haipo tena kwenye msumari, gari haliji, na hakuna aliyemweleza kwa njia anayoielewa kwamba hali hii ina mwisho. Mwaka juzi alivaa sare kila asubuhi kwa wiki nzima, akakaa kizingitini kusubiri gari. Wiki ya pili akaanza kugonga kichwa ukutani. Mimi nikatafuta midoli, mama yake akatafuta dawa, bibi yake akatafuta shehe wa kumsomea.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo mmoja, na najua baadhi yenu hamtaupenda: mtoto huyu hahitaji kununuliwa michezo ya likizo, anahitaji kupewa kazi. Hizi hizi za nyumbani, zenye mwanzo na mwisho anaouona kwa macho, kwa mpangilio usiobadilishwa hovyo, na baba akiwemo.

Chukua maharage. Sokoni tunanunua yale ya mchanganyiko kwa sababu ni nafuu. Mwanangu anakaa mkekani na ungo na mabakuli matatu: mekundu, ya njano, yenye madoa. Hakuna aliyemwambia ayatenge kwa rangi, aliamua mwenyewe. Kila punje anaigeuza kidogo kwenye mwanga wa mlango, anaipitisha karibu na jicho la kushoto, ndipo anaiweka. Zamani nilikuwa namharakisha. Siku moja nikanyamaza nikaangalia saa: saa nzima na dakika 10, bila kupiga kelele, bila kujing'ata mkono. Dada yake wa miaka 12 aliwahi kuchanganya mabakuli mawili kwa utani. Hatutarudia. Na niseme ukweli, tangu yeye ashike ungo hakuna mtu aliyetafuna jiwe katika nyumba hii.

Kidumu ndicho kinachofuata. Mtaalamu mmoja aliyewahi kumhudumia alitueleza kwamba kubeba, kusukuma na kuvuta vitu vizito huwatuliza watoto wengi wa namna hii, kwa sababu misuli na viungo vinaupa ubongo habari za mwili ulipo. Nikajiuliza, kwani sisi tumekosa vitu vizito? Ana kidumu chake cha lita 5. Anateka kwenye bomba la uani, anamimina kwenye pipa la bafuni, safari 6. Kwenye kamba ya nguo nimebana vibanio 6, na kila safari anahamisha kimoja upande wa pili. Cha sita kikihama, kazi imekwisha, hata kama pipa halijajaa. Hapo lazima mzazi awe mwaminifu. Ukimwambia "moja tu ya mwisho" baada ya kibanio cha mwisho, umemfundisha kwamba neno lako halina mwisho.

Ila maji nayachunga kwa macho mawili. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na wengine hutoka nyumbani kimya kimya bila kuaga. Zikikutana hizo mbili, ndiyo maana kuzama ni hatari inayojulikana sana kwao. Pipa lina mfuniko wenye jiwe juu, lango lina komeo la juu, na akiwa kwenye maji simu yangu inabaki ndani.

Sitaki mtu adhani kila kitu kimekwenda. Unga wa chapati ulitutoa jasho. Siku ya kwanza aligusa donge, likamnata vidoleni, akatapika, akatoka mbio uani akipiga yowe huku anafuta mikono ukutani. Majirani walitoka. Mmoja akasema mtoto hajachapwa, mwingine akasema ana kitu. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Likizo mbili zimepita tangu siku hiyo. Tulianza na kuchekecha unga mkavu, hapo alikuwa na furaha. Kisha kumimina maji kwa kikombe huku mimi nakanda. Kisha kubonyeza donge lililofunikwa kitambaa. Sasa anasukuma chapati moja, moja tu, ni ya ramani, na anaila mwenyewe.

Nazi nakuna mimi, kwa mbuzi. Blenda inamuumiza masikio mpaka analia, ila sauti ya mbuzi anaipenda, anakaa karibu anatikisika nayo. Rafiki yangu mmoja alinikuta nimekaa juu ya mbuzi akacheka sana. Acheke. Baba wenzangu, tunajua kulipa ada na kununua dawa, lakini likizo ya mtoto tumemwachia mama, na mama huyo ana cherehani yenye nguo za wateja. Mwezi mzima wa mtu mmoja na mtoto mmoja ndani ya vyumba viwili ni mrefu. Mimi sasa naomba siku zangu za likizo kazini zikae Juni, wenzangu wanazipeleka Desemba.

Kuhusu mpangilio, tuna ratiba ya picha. Wala si uvumbuzi wangu. Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, kina mpango wa kuwasaidia watu wenye usonji uitwao TEACCH, ulioanza 1972, na kupanga siku kwa picha ni moja ya nguzo zake. Yetu ni kipande cha boksi la sabuni. Nilipiga picha kwa simu: mswaki wake wenyewe, kikombe chake cha bluu, ungo, kidumu, mkeka, kitanda. Nikaenda kuzichapa steshenari, nikazifunika kwa selotepu, zikabanwa kwa vibanio kutoka juu kwenda chini. Kazi ikiisha anaivua picha na kuitia kwenye kopo. Chini kabisa nilichora kalenda ya siku za likizo, na mwisho wake kuna picha ya gari la shule. Kila usiku tunakata siku moja kwa kalamu nyekundu. Mwaka huu hakuvaa sare hata asubuhi moja.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya baba asiye na hela tu: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye kuchelewa kukua au ulemavu wa ukuaji, usonji ukiwemo. Ni vikao 9 vya kikundi na mlezi kutembelewa nyumbani mara 3, na msingi wake ni kumfundisha mtoto kupitia michezo na shughuli za kila siku za nyumbani. Kufua soksi kumo.

Lakini kuna jambo moja linaniwasha. Kuna kukaa nyumbani na kuna kufichwa. Nimeshaingia nyumba ambayo mtoto kama wangu anafungiwa chumba cha nyuma wageni wakija, na mama anasema "tunamfanyia mazoezi hapa hapa ndani". Shughuli za nyumbani zikiwa kisingizio cha aibu, ni afadhali mtoto akae barazani bila shughuli yoyote. Kwetu lango linafunguliwa saa kumi, mimi nikiwa nimekaa hapo. Watoto wa uani walimjaribu kwenye kombolela, ikashindikana; watu wakijificha yeye anaona wamepotea kweli, analia. Kwenye mdako wakampata. Vijiwe, shimo, kuhesabu, kurudia: kama mchezo ulitungwa kwa ajili yake. Hajui kusubiri zamu, hivyo wamempa zamu baada ya kila mtu. Wamelipanga wenyewe, hakuna mtu mzima aliyewaelekeza.

Kati ya picha za ratiba, kadi niliyoitengeneza kwa hasira ndiyo imekuwa maarufu kuliko zote. Umeme ukikatika katikati ya katuni, nyumba ilikuwa inageuka uwanja wa vita. Kwa hiyo nikapiga picha ya taa yetu ya kuchaji ikiwa juu ya mkeka uani, nikaandika nyuma: umeme umekatika. Giza likiingia tunaibana kwenye ratiba, tunatoka wote, dada yake anaimba, mimi nacheza bao na mpangaji wa chumba cha tatu, yeye analala chali katikati yetu, mama yake amemfunga khanga kuanzia mabega hadi miguuni, ya kubana, anavyopenda.

Juzi saa nane mchana, jua linawaka na umeme upo, nilimkuta ameibana ile kadi juu kabisa, juu ya mswaki. Televisheni ameizima mwenyewe. Amesimama mlangoni na mkeka kwapani, ananisubiri.