Mbwa akishapona, aende kwa nani?

Mwaka jana, nyuma ya soko hapa Bombo, Uganda, tulimkuta mbwa jike aliyefungwa kamba ya nailoni tangu akiwa mtoto. Shingo ilikua, kamba ikabaki ileile. Ilikuwa imezama ndani ya nyama mpaka huioni. Ulichoona ni mstari wa usaha na nzi. Hajati, jirani yangu, alimsogezea posho, yaani ugali, na dagaa wa mukene kwa fimbo ili mate yasimguse, kisha akasimama palepale mpaka mbwa akamaliza kula. Daktari wa mifugo aliikata kamba, akasafisha kidonda, akamchanja. Baadaye akamfunga kizazi. Baada ya miezi miwili alikuwa mzima, na hapo ndipo tulipokwama.

Kwa nini fedha ziende kwa mbwa wakati kuna watoto wasio na dawa? Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, tena na watu wenye huruma, na silipuuzi. Lakini karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa ameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa ya kumwokoa. Wataalamu husema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Miji yetu imewahi kuwategea mbwa koko sumu. Sumu haichagui aliyechanjwa na asiyechanjwa, na nafasi ya waliokufa hujazwa upesi, maana mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kumchanja na kumfunga kizazi mbwa mmoja ni kumkinga mtoto wa jirani pia. Kwangu hoja hiyo inatosha.

Linaloninyima usingizi ni makao. Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu 1957, na USPCA, chama cha kutetea na kutunza wanyama, kimekuwepo tangu 1996, lakini sheria haimtafutii mbwa nyumba. Wanaookoa mbwa wamegawanyika. Upande mmoja unasema usimtoe mbwa mpaka umeikagua nyumba: ua uwepo, mnyororo usiwepo, wala kile kizimba cha bati anachoshinda ndani mchana kutwa. Nawaelewa. Wapo bado wanaoamini kwamba mbwa akishindishwa njaa ndipo anapokuwa mkali. Ukimtibu mbwa kisha ukamkabidhi kwa mtu wa namna hiyo, umemrudishia mateso yaleyale.

Upande wa pili unauliza: nyumba hizo ziko wapi? Wengi wanaokuja kuomba mbwa wanataka mlinzi. Mbwa wa kulala sebuleni ni wa wachache, na baadhi yao ni wageni ambao mkataba wa kazi ukiisha hupanda ndege na mbwa akabaki getini. Kwa Waislamu wengi hapa kwetu mate ya mbwa ni najisi, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo; ila mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda wameruhusiwa. Ukimkataa kila anayetaka mlinzi, mabanda yanajaa, na mgonjwa wa kesho anaambiwa hakuna nafasi. Huyo anakufa mtaroni, nje ya hesabu za mtu yeyote.

Mimi naegemea upande huu wa pili, kwa sharti moja gumu: anayempeleka mbwa aendelee kwenda kumwona. Watu wa Gulu, mji wa kaskazini mwa Uganda, wamenifundisha hilo. Francis Okello Oloya alipofushwa na bomu akiwa mtoto wakati wa vita vya kaskazini, na alipokuwa shule ya bweni mbwa ndio waliomwongoza usiku kwenda chooni. Baadaye alianzisha The Comfort Dog Project, mradi unaowaunganisha mbwa waliookolewa na watu waliojeruhiwa rohoni na vita. Hawamkabidhi mtu mbwa na kuagana naye. Mtu na mbwa wake hufunzwa pamoja, na mbwa huchanjwa na kufungwa kizazi. Nyumba nyingi za watu hao ni za kawaida kabisa, za kijijini, na mbwa wanaishi.

Yule wa kamba tulimpa mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Mara ya kwanza nilipokwenda mbwa alikuwa amelala kivulini, tumbo limejaa. Mara ya pili nilikuta mnyororo mpya umefungwa kwenye mwembe na yeye mwishoni mwake, akitetemeka kila ulipolia.

"Afande, tulikubaliana," nikasema.

"Mchana tu, mwanangu. Wajukuu wa jirani wanamwogopa."

Hofu yao ilikuwa ya kweli. Mlango wa ua ulikuwa umeoza chini na mbwa alikuwa anatoka. Ningeweza kumchukua siku ileile, na wenzangu wawili walisema nilipaswa kumchukua. Nilirudi na mbao na misumari, tukautengeneza mlango pamoja mpaka magharibi, naye akaufungua mnyororo kwa mkono wake. Shingoni, pale manyoya yalipokataa kuota, palikuwa pamechubuka kidogo. Nilimwachia mzee dawa ya kumpaka mbwa na nikamwambia nitarudi Jumamosi.