LCG ni takataka au watu wanaihukumu kwa jina tu?

Ukitaja LCG (linear congruential generator, fomula ya kompyuta ya kutengeneza namba zinazoonekana za nasibu) mbele ya watu wa kuandika koodi lazima wagawanyike, huyu anakwambia hiyo kitu ya kizamani tupa kule, yule anasema mbona inafanya kazi vizuri tu na koodi yake ni mstari mmoja. Mi naona wote wanabishana kama vile LCG ni kitu kimoja, kumbe ni ukoo mzima na ndugu hawafanani tabia.

Fomula yenyewe ni rahisi mno: chukua namba uliyonayo, zidisha kwa a, jumlisha c, gawanya kwa m, kinachobaki ndo namba yako inayofuata. Basi. Wazo la mwanahisabati Lehmer la 1949 halikuwa hata na c. Kwahiyo ugomvi wote uko kwenye a, c na m umeweka nini.

Aina inayopendwa sana ni ile ambayo c sio sifuri na m ni kipeo cha 2, kama 2^32, kwa sababu kompyuta haihangaiki hata kugawanya, biti (zile 0 na 1 zinazounda namba) zinazozidi zinadondoka zenyewe. Watafiti Hull na Dobell walishatoa masharti yake 1962: kwa m kama hiyo, c iwe witiri na a ukitoa 1 igawanyike kwa 4, ukitimiza hayo utapita kila namba kabla ya kurudia. Jaribu m=16, a=5, c=3, anza na 7, utapata 7, 6, 1, 8, 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4 halafu unarudi 7. Zote 16 zimepita, safi. Sasa ziangalie tena: witiri, shufwa, witiri, shufwa, mpaka mwisho! Biti ya chini kabisa inajirudia kila baada ya hatua 2, inayofuata 4, inayofuata 8, na hata uweke m kubwa kiasi gani ugonjwa huo hauondoki. Sasa mtu anachukua namba hiyo anagawanya kwa 2 ili "arushe sarafu", anapata kichwa mkia kichwa mkia alafu anailaumu fomula. java.util.Random, kitoa namba nasibu cha lugha ya Java, inatumia fomula hii hii, ila ndani inatunza biti 48 na inakupa 32 za juu tu, zile mbovu huzioni.

Ndugu wa pili anaweka c sifuri na m namba tasa. Maarufu ni ile ya Park na Miller ya 1988, m ni 2147483647 na a ni 16807 (baadae wakasema bora 48271). Huyu hana ule ugonjwa wa biti za chini, ila usimpe mbegu (namba ya kuanzia) sifuri maana atabaki sifuri milele. Shida yake ni udogo, namba bilioni 2 na kitu kompyuta ya leo inazimaliza ndani ya sekunde chache, simulesheni ndefu itazunguka palepale na wewe unadhani unapata data mpya.

Halafu kuna yule aliyeharibia ukoo jina: c sifuri na m kipeo cha 2. Mzunguko wake hauzidi robo ya m, na mbegu lazima iwe witiri. RANDU ya IBM ya miaka ya 1960 ndo huyu, a=65539, m=2^31. Kwa vile 65539 ni 2^16 ongeza 3, kila namba inakuwa ni iliyotangulia mara 6 toa ya nyuma yake mara 9 (ukichukua kinachobaki kwa m), kwa hiyo ukizichora tatutatu kama nukta za pande tatu zinajipanga kwenye bapa (tabaka nyembamba) 15 tu! Wapinzani hapa wana hoja maana mwanahisabati Marsaglia alionyesha 1968 kwamba LCG zote zinaangukia kwenye bapa, sio RANDU peke yake. Lakini kwa m hiyohiyo kikomo cha juu ni bapa 2344, kwahiyo 15 ni uzembe wa kuchagua a, usiwabebeshe ndugu wote.

Mi niko upande wa watetezi, kwa masharti. Weka hali ya ndani (namba inayotunzwa kati ya hatua na hatua) iwe biti 64 au 128, toa za juu tu, gemu na majaribio ya programu yatakwenda vizuri, na mbegu ileile inakupa matokeo yaleyale kitu ambacho ukiwa unasaka kosa ni raha tupu. Hata PCG, kitoa namba nasibu cha Melissa O'Neill cha 2014, ndani yake ni LCG, ila inakoroga kwanza kabla ya kutoa.

Kwenye paswedi na tokeni hapo sina utetezi. Hiyo hiyo ya Java, mtu akiona namba moja nzima ya biti 32 anabakiza biti 16 asizozijua, yaani majaribio 65536, na namba ya pili inamwambia lipi ni sahihi. Kuanzia hapo anazijua zote zinazokuja.