Shin Megami Tensei III: ugumu upi ubaki, upi uondoke

Shin Megami Tensei III: Nocturne, gemu la kampuni ya Atlus, lilitoka Japani mwaka 2003 kwenye PlayStation 2. Mwaka 2020 lilirudi huko kwao likiwa limeng'arishwa, na mwaka 2021 likaenea duniani. Toleo hili jipya limeongezewa ngazi rahisi kabisa iitwayo Merciful. Wakongwe wanasema ngazi hiyo imelihasi gemu; wageni wanasema bila hiyo wasingelimaliza. Nimelirudia hapa Kigoma, na naona pande zote mbili zinachanganya ugumu wa aina mbili.

Kwanza ule wa vita. Kila mmoja kwenye kundi lako, yaani wewe na mapepo uliowashawishi wajiunge nawe, analeta zamu moja. Ukimpiga adui kwenye udhaifu wake, zamu inatumika nusu tu, kwa hiyo kundi la wanne linaweza kupiga mara nane. Ukikosa, zamu mbili zimekwenda. Pigo likirudishwa, zamu zote zimeisha. Adui naye anatumia sheria hizo hizo.

Ndiyo maana Matador, bosi aliye mifupa mitupu iliyovaa mavazi ya mpigana na mafahali, amewafanya wengi waache pedi. Anajiongezea wepesi kwa uwezo uitwao Red Capote, ngumi zako zinapita hewani, na kila ukikosa unajimaliza mwenyewe. Kisha anaachia upepo wa Mazan kwa kundi zima, na ukiwa na pepo mmoja tu ambaye upepo ndio udhaifu wake, umempa zamu ya bure. Kujiongezea nguvu peke yake hakusaidii sana. Inabidi urudi ukaunganishe mapepo wako wawe mapepo wapya, upate wanaostahimili upepo, utafute Fog Breath ya kumpunguza kasi. Ukimshinda, gemu zima linafunguka kichwani mwako.

Na ugumu huo unabeba hadithi. Tokyo imeangamia, na waliosalia wanashindana kuamua dunia mpya iweje. Chiaki, aliyekuwa mwanafunzi mwenzako, anataka dunia ya wenye nguvu tu, wanyonge waondoke. Ukiwa umepigwa na kupigwa, hoja yake inakugusa pabaya, kwa sababu umeshaanza kuwaacha mapepo wako dhaifu bila kujiuliza mara mbili. Kwenye Merciful unatembea kama mfalme, na maneno ya Chiaki yanabaki kelele za mtu mbaya. Hapo nawaunga mkono wakongwe kwa moyo wote.

Lakini ugumu wa pili haufundishi kitu. Zamani ulihifadhi mchezo kwenye vituo maalumu tu. Mtu wa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, hahitaji kuelezwa maana yake: umeme ukikatika kabla hujakifikia kituo, jioni yako imepotea, na aliyekushinda si Matador. Kuunganisha mapepo nako kulikuwa bahati nasibu. Uwezo ambao pepo mpya anaurithi ulijipanga wenyewe, ukawa unatoka na kuingia, unatoka na kuingia, mpaka upate unaoutaka. Toleo jipya linakuruhusu kusimamisha na kuhifadhi popote, na kuchagua urithi mwenyewe. Anayelilia yale ya zamani analilia usumbufu.

Merciful nayo isidharauliwe. Gemu halina Kiswahili, na kumshawishi pepo ajiunge nawe ni mazungumzo ya Kiingereza yenye mitego: anakuomba Macca, yaani pesa za humo, anakuomba dawa, halafu anaweza kuondoka nazo. Asiyeimudu lugha anacheza gemu gumu zaidi kuliko lile lililokusudiwa, na ngazi nyepesi inamfidia kidogo. Ushauri wangu ni aanze na Normal, ngazi ya kawaida, amfikie Matador, na aendelee kubanana naye hata akifa mara kadhaa. Akiona hatoboi kabisa, ashuke.

Panaponipa shida ni pale shujaa, yaani wewe mwenyewe, anapokufa. Wenzake wakiwa hai wote, gemu bado linaisha. Watetezi wanasema Magatama, vijidudu unavyomeza ili kupata nguvu, ndivyo vinavyoamua kinga yako, kwa hiyo kifo ni uzembe. Mara nyingi ni kweli. Ila ukishambuliwa kwa nyuma, adui anaanza, na laana moja ya kifo inaweza kukumaliza hujabonyeza kitu. Atlus wenyewe wamekuwa wakiyumba hapa: kwenye sehemu ya nne ya mfululizo huu, mwaka 2013, waliacha vita iendelee bila shujaa, kisha ya tano, mwaka 2021, wakarudisha sheria ya zamani. Mimi ningeibakiza kwa mabosi, na kuiondoa kwenye vita vya njiani.