Kidole Kimoja cha Nebraska

Ndugu zangu wa Tabora huniuliza habari za New York. New York sijafika. Nipo Grand Island, Nebraska, nakata nyama kiwandani, na Marekani ninayoijua ni barabara kuu ya jimbo namba 2: Broken Bow, Thedford, Hyannis, mpaka Alliance na kuendelea.

Mara ya kwanza kuipita nilidhani niko Itigi, njia ya Manyoni kwenda Tabora. Lami na reli, bega kwa bega. Reli ndiyo ilitangulia, ikafika Alliance mwaka 1888, na vijiji vikaota kwenye vituo vyake. Kwetu ni hivyohivyo: reli ya Mjerumani ilifika Tabora 1912. Ila lami ya kutoka Manyoni tumeisubiri mpaka juzi, kipande cha Chaya–Nyahua kilipozinduliwa 2022. Miaka 110! Kwa lami wametuacha mbali, sibishi.

Watu sasa. Mwaka 1904 sheria iliruhusu kila mlowezi achukue ekari 640 kwenye vilima hivi vya mchanga. Mchanga ukakataa jembe, wengi wakawauzia wafugaji wakubwa wakaondoka. Leo unaona ng'ombe, vinu vya upepo vya kuvuta maji, na treni ndefu za makaa ya mawe ya Wyoming, abiria hakuna. Hyannis ni makao makuu ya kaunti, lakini wakazi wake wote hawajazi shule moja ya msingi ya kwetu.

Novemba tairi lilinipasukia karibu na Thedford. Kwa mazoea nikashuka kutafuta matawi ya kutandaza nyuma ya gari. Matawi yako wapi? Nyasi tupu! Akasimama mzee mmoja na pikapu, akafunga tairi bila maneno, hela akakataa, akaondoka huku ameinua kidole kimoja juu ya usukani. Ndiyo salamu ya huku, kila dereva unayepishana naye anakuinulia.

Tairi lipasuke Kigwa, kijiji cha kwetu Tabora kando ya lami hiyo, uone. Jeki hujaitoa, watoto watano wamefika, mama wa karanga yupo, na mzee wa asali kaanza "Mwangaluka", salamu ya kwetu, hakuachii mpaka ajue ukoo wako. Zamani nikiona kero.

Dada yangu anauza asali palepale Kigwa. Anasema tangu lami ifunguke mabasi yanapita kama mshale, hayasimami. Nimemwambia asogeze meza kwenye matuta.