Maji mengi au maji machache? Swali la mwenye IBS Dar es Salaam

Jirani yangu wa Mbagala hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, mkobani ana chupa ya maji ya nusu lita. Anapanda daladala ya Kariakoo, mara nyingi anasimama njia nzima, na kifuniko cha chupa hakiguswi. Siku nyingine hurudi nayo jioni ikiwa imejaa vilevile. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa sauti ya chini: "Dada, nikinywa njiani tumbo likanishika pale Mtongani, nashukia wapi?"

Ana IBS, kama mimi. Kwa asiyeijua, ni kifupi cha jina la Kiingereza, irritable bowel syndrome, yaani hali ya utumbo kukereka upesi. Ukipimwa haukutwi na kidonda wala uvimbe, lakini unauma, unajaa gesi, na choo hakitabiriki: kwa mmoja kigumu kama cha mbuzi, kwa mwingine cha majimaji, kwa wa tatu vyote viwili kwa zamu. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, ambavyo madaktari wengi huvitumia kuitambua IBS, vinataka maumivu yawepo walau siku moja kwa wiki kwa miezi 3 iliyopita, yahusiane na kwenda haja au na kubadilika kwa choo, na dalili ziwe zilianza si chini ya miezi 6 nyuma.

Mtu wa aina hii akiomba ushauri hupewa mambo mawili yanayogongana. Zahanati wanamwambia anywe maji mengi. Wenye tumbo kama lake wanamnong'oneza apunguze maji, hasa akiwa na safari. Kila upande una hoja, na kila upande una mahali unapokosea.

Anayesema maji mengi ana ushahidi mzuri kwa mgonjwa wa choo kigumu. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Uchafu ukikaa humo muda mrefu unazidi kukauka, na mwili wenye kiu haubakishi kitu. Mwaka 1998 watafiti wa Italia walichapisha jaribio la watu wazima wenye choo kigumu cha muda mrefu. Wote walikula gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, lakini waliokunywa kama lita 2 za maji ya madini walienda haja mara nyingi zaidi kuliko walioachwa wanywe walivyopenda, ambao hawakuvuka sana lita moja. Nyuzinyuzi bila maji ni mzigo. Nimemwona mtu akichota maganda ya isabgol, yale ya mbegu yenye nyuzinyuzi nyingi, aliyonunua Kariakoo, akayatia kijiko kizima mdomoni na kushushia funda mbili za maji. Maganda yale yanavimba yakilowa. Yanaweza kukwama kooni, na yakifika tumboni bila maji ya kutosha yanaongeza kujaa badala ya kulainisha. Yakoroge kwenye glasi nzima, unywe papo hapo, kisha ongeza glasi nyingine.

Ila hoja hii ina mpaka, na hapo ndipo ushauri wa lita tatu, nne, unapopotea. Kila siku utumbo hupokea kama lita 8 hadi 9 za majimaji: takriban 2 ni za chakula na kinywaji, zinazobaki ni mate, nyongo na maji ya tumbo lenyewe. Karibu yote hufyonzwa, na kwenye choo cha mtu mzima hutoka mililita 100 hadi 200 tu. Kwa hiyo aliyekwishakata kiu akijilazimisha lita mbili za ziada, zitaishia kwenye mkojo. Choo hakitalainika kwa hizo. Na mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo asibebe kabisa ushauri huu wa jumla. Kiasi chake apangiwe na daktari wake.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayomjibu anayepunguza maji. Maji unayokunywa hayateremki moja kwa moja yakatoka kama kuhara. Lakini mbona jirani yangu akinywa anashikwa? Hakosei kabisa. Tumbo la juu likitanuka kwa kupokea kitu, linaupelekea utumbo mpana ishara ya kusogeza ulichonacho. Ishara hiyo huwa kali asubuhi, na kwa mwenye IBS inazidi kiasi. Akimimina nusu lita ya maji ya barafu kwa mkupuo, tumbo tupu, huku ana wasiwasi wa foleni, utumbo unaitika kwa nguvu. Kinachotoka dakika kumi baadaye kilikuwamo humo tangu jana. Kwa hiyo ana haki ya kuogopa saa na namna ya kunywa. Kiasi cha siku nzima hakina kosa hapo, na ndicho anachokikata.

Na Dar si mji wa kukata maji. Januari na Februari joto ni nyuzi 32 na zaidi, hewa imejaa unyevu, jasho linamwagika bila kukauka. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipokadiria mwaka 2010 kwamba mwanamke anahitaji lita 2 kwa siku na mwanamume 2.5, maji ya kwenye chakula yakiwemo, ilikuwa inazungumzia hali ya hewa ya wastani na kazi isiyo nzito. Mama anayekaanga samaki Feri karibu na moto hahesabiki humo. Akishinda na kiu anapata kichwa kuuma, kizunguzungu na mkojo wa rangi ya chai. Mwenye choo kigumu anaongeza kujikamua na bawasiri. Nilipitia haya mwenyewe kwa miaka nikidhani natuliza tumbo, na tumbo halikutulia hata siku moja.

Lipo jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka, nami naliona zito kuliko kiasi: hapa mjini tukisema "nimekunywa", tumekunywa nini? Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2008 kwa wenye IBS unataja walau vikombe 8 vya kinywaji kwa siku, lakini unasisitiza yawe maji au vinywaji visivyo na kafeini, chai na kahawa visizidi vikombe 3, na soda na pombe zipungue. Sasa tembea Kariakoo saa saba mchana uone. Juisi ya embe na ya tikiti ni tamu, baridi, na zina fruktozi, sukari ya matunda, nyingi kuliko utumbo wa wengi wetu unavyoweza kufyonza. Sukari isiyofyonzwa huvuta maji ndani ya utumbo, kisha bakteria huichachua na kutoa gesi. Hapo mtu ameongeza kinywaji na ameongeza kuhara kwa wakati mmoja, halafu analaumu maji! Ukwaju bibi zetu waliutumia kulainisha choo. Mwenye choo kigumu unaweza kumfaa, anayehara auache. Chai ya maziwa ina laktozi, yaani sukari ya maziwa, na watu wazima wengi wa Afrika hawaisagi vizuri. Kahawa chungu ya vijiweni inauamsha utumbo mpana hata kabla kikombe hakijaisha.

Dafu watu hunipinga sana. Ni maji safi ndani ya ganda lake, lina potasiamu, na mimi nalipenda. Lakini lina sorbitoli, sukari ambayo utumbo nyeti huivumilia kidogo tu. Nusu glasi wengi wetu hatupati shida. Madafu mawili makubwa mfululizo ni jambo jingine. Na dafu lisichukuliwe kuwa badala ya maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudishia maji mwilini, siku ya kuhara sana, kwa sababu sodiamu yake ni ndogo, na sodiamu ndiyo chumvi inayopotea zaidi.

Siku hiyo maji matupu peke yake hayatoshi. Ukuta wa utumbo hupitisha sodiamu pamoja na glukosi, na maji hufuata nyuma yake. Ndiyo maana pakiti ya ORS ina chumvi na sukari kwa vipimo. Fomula ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuipendekeza mwaka 2002 ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita moja, pamoja na potasiamu na sitreti. Usipopata pakiti, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta juu, katika lita moja ya maji safi. Ukizidisha sukari utafanya kazi ileile ya juisi ya embe.

Nimesema maji safi kwa makusudi. Takriban mtu 1 kati ya 10 wanaougua maambukizi makali ya tumbo hubaki na IBS baada ya vijidudu kuondoka. Mjini kwetu, ambako bomba likikauka tunanunua madumu ya lita 20 bila kujua yalikochotwa, kuchemsha maji kunatangulia kuhesabu glasi. Pia tusiite kila kitu IBS. Damu kwenye choo, homa, kupungua uzito, kuamshwa usiku na kuhara, upungufu wa damu, au dalili kuanza ukiwa umevuka miaka 50: haya yanataka vipimo. Upande wa pili, wa kuita kila tumbo amiba, nao unaumiza. Mimi nilipewa dawa ya amiba mara nne katika zahanati moja bila choo changu kupimwa hata mara moja, na kila mara nilirudi nyumbani nikiamini kwamba safari hii nimepona.

Kwa hiyo kati ya wale wawili, nasimama na anayesema kunywa, ila namtaka aseme na namna. Kidogo kidogo, maji ya uvuguvugu au ya kawaida, kiasi kikubwa mchana na jioni ukiwa karibu na choo. Mwenye safari ya alfajiri aamke mapema nusu saa, anywe kikombe kimoja cha uvuguvugu, autumie mwamko ule wa asubuhi akiwa bado nyumbani. Rangi ya mkojo iwe ya manjano hafifu. Hicho ndicho kipimo chake, na hakina gharama. Anayefunga Ramadhani agawe maji yake kati ya futari na daku, asiyamimine yote kwa pupa adhana ya magharibi inapolia, akaongeza tende na juisi juu yake.

Lakini namna hii yote inadai choo, na hapo sina jibu la kumpa jirani yangu. Kati ya Mbagala na Kariakoo, foleni ikikaza, hana pa kuingia mpaka afike stendi, kwenye choo cha kulipia ambacho siku nyingine maji hayatoki na foleni yake nayo ni ndefu. Aliyeacha kunywa njiani amefikiri vizuri kwa mazingira aliyonayo. Tulichokubaliana wiki mbili zilizopita ni kwamba amke saa kumi, anywe kikombe, na chupa ya mkobani aifungue akishaweka mkoba mezani kazini. Juzi jioni alinionyesha chupa ikiwa tupu, akaniambia ameijaza mara ya pili saa nane.